Nani Kakata Mawasiliano? Washukiwa Kumi, Kuanzia Mdogo Hadi Mkubwa

Droni ikigoma hewani, macho yote huenda kwa droni. Nje ya ukumbi wa harusi MC ananyamaza, watoto wanakimbilia chini ya droni, na mjomba wa bwana harusi, ambaye hakuna aliyemuuliza, ameshatoa hukumu: "Hizi za Kichina bwana!" Shikamoo mjomba, lakini hukumu hiyo naikatia rufaa. Ndege ndogo za kupigia picha zinazouzwa leo zimeundwa kwa ustadi mkubwa, na mara nyingi kinachokatika kiko karibu zaidi na mikono yetu kuliko na mapanga yake.

Ukirusha droni yenye rimoti, unategemea viungo vitatu. Cha kwanza ni redio kati ya rimoti na droni. Cha pili ni waya, au Wi-Fi, kati ya rimoti na simu. Cha tatu ni intaneti kati ya simu na dunia nzima. Kinachoishikilia ndege ni kile cha kwanza peke yake. Cha pili kinakupa picha na vitufe vya kwenye kioo, na cha tatu kinakupa ramani. Lakini kikikatika chochote kati ya hivyo tuna sentensi moja tu: "Imepoteza mtandao." Mtandao upi? Anayeweza kulijibu swali hilo ndege ikiwa bado juu ameshapata nusu ya dawa. Hawa hapa washukiwa kumi. Naanza na mwenye kosa dogo.

10. Droni yenyewe

Nimemweka mkiani kwa sababu ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Kuamrisha chombo kwa mawimbi ya redio ni ufundi wa zaidi ya karne moja: Nikola Tesla alionyesha boti ndogo inayoongozwa bila waya pale Madison Square Garden, New York, mwaka 1898. Tangu hapo redio zimepungua ukubwa hadi zikaingia kwenye mguu wa ndege. Ni mguu kweli: kwenye droni kadhaa za Mavic za kampuni ya DJI, antena zimo ndani ya miguu ya mbele. Kwa hiyo kama droni yako iliwahi kuvunjika mguu ukagandishwa kwa gundi, mrudie fundi umuulize kama aliunganisha na waya wa antena uliopita humo. Mguu umepona. Sikio je?

9. Namba ya kwenye boksi

DJI Mini 2, iliyotoka Novemba 2020, iliandikwa kwamba signali yake inafika kilomita 10. Ukisoma karatasi ya vipimo hadi chini unakuta na namba nyingine: kilomita 6. Ndege ni ileile na betri ni ileile; kilichobadilika ni sheria. Marekani inaruhusu redio za namna hii zitoe nguvu kubwa zaidi, na Mini 2 ikiwa huko hutoa takriban miliwati 400. Ulaya inaiwekea kikomo cha miliwati 100 kwenye masafa ya 2.4 GHz na 25 tu kwenye 5.8 GHz. Droni husoma kwa setilaiti iko nchi gani, kisha yenyewe hupunguza au kupandisha sauti yake. Aliyenunua ndege Marekani akahamia nayo Ujerumani asije akasema imezeeka. Inatii sheria tu.

Halafu namba zote mbili zimepimwa mahali pa wazi, pasipo na redio nyingine inayopiga kelele. Kutoka Posta hadi Mwenge, ukipima kwa mstari ulionyooka, hata kilomita 10 hazifiki, na mwenye kuijua Dar es Salaam anajua ghorofa ngapi, minara mingapi na Wi-Fi za nyumba ngapi ziko hapo katikati. Ongeza na hesabu ya asili: umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Sheria za Ulaya na za Marekani zinamtaka mrushaji wa kawaida aione ndege yake kwa macho, na ndege ya gramu 249 hupotea machoni mapema sana kabla redio haijachoka. Kwetu, kabla ya kufikiria kilomita, kuna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Kilomita 10 ni sifa ya redio. Macho yako hayakutajwa kwenye boksi.

8. Simu inayoipenda intaneti kupita kiasi

Huyu nampa nafasi kubwa, maana ndiye anayewaliza wanaoanza, hasa watoto.

Droni ndogo za bei nafuu nyingi hazina rimoti. Simu ndiyo rimoti, na Wi-Fi ndiyo kiungo cha kwanza. Mlango huo ulifunguliwa na kampuni ya Parrot ya Ufaransa, ilipoonyesha AR.Drone mjini Las Vegas Januari 2010: ndege inatengeneza Wi-Fi yake yenyewe, simu inajiunga nayo kama inavyojiunga na Wi-Fi ya nyumbani, na safari inaanza. Mwaka 2018 ikaja Tello ya kampuni ya Ryze ya Shenzhen, gramu 80 tu, iliyotumia ufundi wa urukaji wa DJI na kichakataji cha Intel. Umbali wake wa juu ni mita 100. Ni ndege ambayo mwanafunzi anaweza kuiandikia programu fupi, akaiona ikipaa kwa amri alizozitunga mwenyewe. Naipenda kwa sababu hiyo.

Shida inaanzia hapa. Wi-Fi ya Tello haina intaneti; ni barabara ya watu wawili, simu na ndege. Simu za kisasa hazijazoea barabara ya namna hiyo. Mazungumzo ya simu na mwenye nayo huenda hivi:

Simu: "Bosi, Wi-Fi hii haina intaneti."

Wewe: "Najua. Baki hapo hapo."

Simu: "Lakini shangazi katuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la familia."

Wewe: "Baki!"

Simu: "Basi nakwenda kuichukua mara moja, narudi."

Ikishahama kwenda kwenye bando, picha imekatika, ndege imebaki inaelea, na mtoto anaitikisa simu kama chupa ya dawa. Tiba yake ni fupi. Zima data kabla ya kuruka. Simu ikiuliza kama ibaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali, na usiufute ujumbe ule bila kuusoma. Ukipenda, washa hali ya ndegeni kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Shangazi atasubiri, sauti yake haina betri ya dakika 13.

Kuna vibali pia. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu inayotaka kutafuta mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu inahitaji ruhusa ya kujua mahali ulipo. Upande wa iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, programu lazima iombe ruhusa ya kuongea na vifaa vilivyo kwenye mtandao wa karibu. Mtu anafungua programu kwa mara ya kwanza, maswali yanamiminika, anabonyeza "Kataa" kila mahali kwa kulinda siri zake, halafu anashangaa kwa nini ndege haionekani. Umeikataza simu isiitazame! Nenda kwenye mipangilio ukairuhusu.

Na weka nenosiri. Desemba 2013 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha hadharani kifaa alichokiita SkyJack: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyopandishwa juu ya droni, ikazitafuta AR.Drone zilizo jirani, ikawakata wenye nazo na kuzishika yenyewe. Ilikuwa rahisi kwa sababu Wi-Fi ya ndege hizo ilikuwa wazi. Wi-Fi ya Tello nayo huja bila nenosiri, lakini programu yake inakuruhusu kuliweka. Dakika moja inatosha.

7. Waya wa kuchaji wa duka la jirani

Kwenye rimoti nyingi zisizo na kioo, simu huunganishwa kwa waya. Waya kamili wa USB una angalau nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za taarifa. Waya nyingi za bei rahisi zina zile mbili za kwanza tu. Simu inachaji vizuri, taa inawaka, wewe una furaha, na programu inaendelea kusema hakuna ndege. Umeme umefika, habari hazijafika. Tumia waya uliokuja na rimoti, na uwe na wa akiba uliokwisha kuupima nyumbani.

Angalia na tundu. Kwenye rimoti iliyokuja na Mini 2, tundu la chini ni la kuchaji rimoti. Simu hupata waya wake juu, pale inapobanwa. Nimeona watu wazima, wenye elimu zao, wakibishana na tundu la chini hadi jua linazama na mwanga wa picha unaisha.

Jua lenyewe pia ni mshukiwa. Apple inasema iPhone imeundwa kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzi joto 35, na pwani yetu mwezi wa Februari, simu ikiwa imebanwa juani na mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho, joto hilo linapitwa upesi. Kioo kinafifia, programu inajifunga, na aliyeshika rimoti anaishiwa nguvu za magoti. Tulia. Simu imezimia, rimoti haijazimia. Vijiti bado vinaongea na ndege moja kwa moja, na kitufe cha kuirudisha nyumbani kipo pale pale kwenye rimoti. Hiki ni kiungo cha pili kilichokatika. Cha kwanza kizima.

6. Droni ya mtumba

Rimoti na droni hutoka kiwandani zimeshaoanishwa. Ukibadilisha moja, lazima uzioanishe upya: unaingia kwenye programu, unachagua kuunganisha, kisha unabonyeza na kushikilia kitufe cha ndege kwa sekunde kadhaa hadi ilie. Ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni akaunti. Droni nyingi za sasa husajiliwa kwa akaunti ya mwenye kuinunua kwanza, na asipoiondoa humo, wewe umenunua ndege inayomkumbuka mtu mwingine. Kwa hiyo hela isitoke mkononi kabla muuzaji hajaiondoa mbele yako na ndege haijapaa mbele yako. Akisema, "Ndugu yangu, hilo utalifanya nyumbani," mjibu, "Na hela nitakutumia nikifika nyumbani."

Programu za ndani za ndege, rimoti na betri nazo zinapaswa kulingana. Zisasishe usiku kabla ya safari, ukiwa na intaneti nzuri. Porini ndipo ndege inapokumbuka kudai toleo jipya, na porini ndipo bando linapokwisha.

5. Ukumbi uliojaa

Droni za watumiaji wa kawaida huongea kwenye masafa mawili: 2.4 GHz na 5.8 GHz. Wanaoyatumia hawalipii leseni, na ndiyo maana yamejaa watu. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu redio za aina fulani zitumie masafa ya namna hii bila leseni, na kutoka kwenye uamuzi ule tukapata Wi-Fi, Bluetooth na nusu ya vifaa vilivyomo mfukoni mwako. Jiko la maikrowevu nalo hupasha wali kwa mawimbi ya karibu na 2.45 GHz. Likivuja kidogo tu, linakuwa jirani mwenye spika kubwa.

Sasa ipeleke droni kwenye harusi. Kuna Wi-Fi ya ukumbi, kuna simu za wageni mia kadhaa, nyingine zimefungua hotispoti, kuna saa na vipokea sauti vya Bluetooth. Halafu kuna kile ambacho wapiga video wenyewe hukisahau: maikrofoni ndogo isiyo na waya kwenye koti la bwana harusi, ambayo mara nyingi nayo iko kwenye 2.4 GHz. Wewe mwenyewe umekuja na mshindani wako kwenye begi. Ukanda wote wa 2.4 una upana wa takriban MHz 83, na kwa Wi-Fi ya kawaida ni njia tatu tu zinazoweza kukaa pamoja bila kukanyagana. Tatu, kwa kijiji kizima.

Anayetuokoa hapo ni wazo la kurukaruka kati ya masafa, na lina historia inayopendeza. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza ya Marekani kwa mfumo wa kuongoza torpedo kwa redio: mtumaji na mpokeaji wanaruka pamoja kutoka masafa haya hadi mengine ili adui asiweze kuwaziba. Walipendekeza masafa 88, sawa na vitufe vya piano. Jeshi la wanamaji halikulitumia wazo lao vitani. Leo Bluetooth hurukaruka mara 1,600 kwa sekunde, na mifumo ya droni kama OcuSync, iliyoanza na Mavic Pro mwaka 2016, huchunguza hewa yenyewe na kuhamia palipo kimya. Kila ninapoona ndege imetulia juu ya umati nasema moyoni: dada Hedy, umetisha.

Nawe msaidie. Penye umati, kama nchi ulipo inaruhusu, jaribu 5.8, ina nafasi zaidi ingawa haipendi kupenya majani. Mashambani na penye miti, 2.4 inavumilia zaidi. Rukia mbali na kisanduku cha Wi-Fi cha ukumbi, na mwombe mwenzako wa sauti, kwa heshima zake zote, asiweke kipokezi cha maikrofoni juu ya begi lako.

4. Antena zinazoinyooshea ndege kidole

Kila mgeni wa kazi hii hufanya hivi: anaigeuza ncha ya antena, anailenga droni kama anayepiga manati. Ni kosa la kueleweka, na ni kosa kamili. Antena ya fimbo haitoi nguvu kwenye ncha yake. Inaitoa ubavuni, pande zote, kwa umbo la ngata ambayo mama ameiweka kichwani kabla ya ndoo: antena inapita kwenye tundu, mawimbi yanajaa kwenye mzunguko. Ukiilenga ndege kwa ncha, umeiweka kwenye tundu la ngata, mahali palipo na nguvu kidogo kuliko pote.

Basi ubavu wa antena ndio uitazame ndege. Ikiwa mbali mbele yako, antena zisimame wima. Ikiwa juu kabisa ya kichwa chako, ama zilaze, ama rudi nyuma hatua kadhaa. Na kama shingo imeanza kuuma, ndege iko mahali pabaya kwa redio na kwa shingo. Kwenye rimoti ya Mini 2 huzioni kabisa, kwa kuwa zimo ndani ya kile kishikio cha simu kinachovutwa juu. Kukiweka sawa kishikio ni kuweka sawa antena. Mitambo ya maelfu ya dola inaokolewa kwa kugeuza kiganja.

3. Picha iliyoganda

Hapa washukiwa wanaanza kuwa wazito.

Mfumo wa redio unabeba mizigo miwili. Kwenda juu zinapanda amri za vijiti, ambazo ni kidogo mno. Kuja chini inashuka picha, ambayo ni shehena. DJI Phantom 2 Vision ya mwaka 2013 hata ilizitenganisha njia zenyewe: amri zilipita kwenye 5.8 GHz, na picha ikashuka kwa Wi-Fi ya 2.4 kupitia kifaa cha kurefusha kilichobanwa kwenye rimoti. Mifumo ya sasa imeziunganisha, lakini tabia haijabadilika: signali ikidhoofu, shehena ndiyo inayoanguka kwanza. Picha inaganda huku amri bado zinafika.

Anayejua hilo anainua macho, anaitafuta ndege angani, anaipandisha juu kidogo na kuivuta kuja kwake. Asiyejua anaendelea kusukuma kijiti mbele akisubiri picha ifunguke. Ndege inatii. Inakwenda mbele. Picha inapofunguka, mnazi umejaa kioo kizima.

Hata picha isiyoganda inachelewa. Kwenye Mini 2 ucheleweshaji unaotajwa ni kama milisekunde 200. Ndege ikiwa kwenye mwendo wake wa kasi, mita 16 kwa sekunde, unachokiona kwenye kioo ni mahali ilipokuwa mita 3.2 zilizopita. Mita tatu ni upana wa uchochoro. Mwenye kurusha chini ya miti au kati ya nyumba apunguze mwendo, maana kioo kinamsimulia habari za jana.

2. Kilichosimama katikati

Huyu ana ushahidi hadi Mirihi. Helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, iliruka huko mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Iliongea na gari la Perseverance kwa redio ndogo ya aina ya Zigbee, jamii ya redio zinazowekwa kwenye mita za umeme na taa za majumbani. Tarehe 26 Aprili 2023, ikimaliza safari yake ya 52, mita 363 tu, ilipokuwa inashuka kutua ilinyamaza. Wahandisi walikuwa wamelitarajia: kati ya helikopta na gari kulikuwa na kilima. Kilima tu. Ikabidi gari lisafiri kwa raha zake hadi likakipanda kilima, na tarehe 28 Juni helikopta ikasikika tena, nzima. Siku 63 za ukimya kwa sababu ya kitu kilichosimama katikati. Mwenzangu, kama kilima kimeweza kuwasubirisha NASA, ghala la mabati la Vingunguti litashindwa nini kwako?

Mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Zege lenye nondo huyameza. Mwembe uliolowa mvua ni mbaya kuliko mwembe mkavu, maana maji hunywa nguvu ya 2.4 GHz. Na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa: ukiipa ndege mgongo, rimoti iko mbele ya tumbo, wewe mwenyewe ndiye kilima. Geuka. Ndege ikizunguka, zunguka nayo.

Kuna na kizuizi kisichogusa mstari wa macho. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi pembeni mwa mstari pia. Kwa 2.4 GHz na umbali wa kilomita moja, nafasi hiyo katikati ya njia inafika karibu mita 5.6 kila upande. Ndege inayoruka mita tatu juu ya mpunga au juu ya maji unaiona vizuri kabisa, lakini chini yake ardhi imeshakula sehemu ya nafasi, na uso wa bahari unarudisha mawimbi mengine yanayogongana na yale ya kwanza. Ndiyo sababu signali inayokatika chini hurudi ukipanda mita 20 tu. Nawe panda: tuta, ngazi, baraza la ghorofa ya kwanza. Kimo cha mrushaji kinasaidia kama kimo cha ndege.

1. Agizo lililosahauliwa kabla ya kuruka

Wote tisa wanaweza kukata mawasiliano. Huyu ndiye anayeamua kama kukatika huko kutakuwa dakika mbili za wasiwasi au msiba.

Droni nyingi za sasa zikipoteza signali ya rimoti hazipotezi akili. Zikishakaa sekunde chache bila kusikia kitu, zinatekeleza agizo ulilozipa mapema: kurudi nyumbani, kuelea palepale, au kutua hapo zilipo. Ni agizo lako, hata kama hukuligusa na kiwanda ndicho kilichokuchagulia. Kwa hiyo maswali matatu kabla mapanga hayajazunguka.

Nyumbani ni wapi? Ndege huandika mahali pa kurudi inapoanza kupaa, ikishapata setilaiti za kutosha. Ukiwa na haraka ukairusha kabla, huenda imeandika mahali pengine ikiwa tayari angani. Subiri ile sauti au ujumbe unaosema mahali pa kurudi pameandikwa. Ni sekunde chache, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuingia ukumbini kwa wakati kiasi cha kukukosesha sekunde hizo.

Kimo ni kipi? Wakati wa kurudi, ndege hupanda hadi kimo ulichokiweka kisha hunyoosha njia. Mini 2 haina jicho la mbele la kukwepa vitu, itakachokikuta itakigonga. Mnazi mrefu unaweza kufika mita 30, na mnara wa simu unaupita. Tazama mazingira, tafuta kitu kirefu kuliko vyote, ongeza mita kadhaa. Huko juu kuna upepo pia. Msimu wa Kusi, ukiipeleka ndege kaskazini kwa raha ukisukumwa na upepo, itarudi ikipigana nao njia nzima, na betri haitajua kwamba ilikuwa furaha yako. Anza safari kwa kuukabili upepo, urudi ukisukumwa.

La tatu ni la watu wa pwani, nalo ndilo linalonikaa moyoni. Je, nyumbani pametulia? Umerusha kutoka kwenye ngalawa nje ya Nungwi. Tanga limejaa, nahodha anaimba, ngalawa inatembea. Ndege imeandika nyumbani kwake pale ilipopaa, na pale sasa ni maji matupu. Signali ikikatika itarudi kwa uaminifu wote, itasimama juu ya mahali halisi, itashuka taratibu, na itatua baharini bila kosa lolote. Ukirusha chomboni, ama ingia kwenye mipangilio uandike upya mahali pa kurudi kila chombo kinaposogea, ama ubadilishe agizo liwe kuelea palepale, kisha umwombe nahodha akusogeze hadi usikike.

Na signali ikirudi ndege ikiwa njiani, utapata nafasi ya kulifuta agizo na kuishika mwenyewe. Usikimbilie. Tazama kwanza asilimia ya betri, tazama upepo, tazama kama unaiona kwa macho. Ikiwa vyote vitatu vimekaa sawa, bonyeza, ichukue. Kama kimoja hakijakaa sawa, iache irudi yenyewe, na wewe kazi yako iwe kuwaondoa watoto pale inapokuja kutua.